Mgeni Aliyengojea Vibua wa Kinuyo

Kinuyo Hatada aliacha kazi siku ya Jumanne asubuhi, katikati ya kumenya viazi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya akina Sugimori. Mimi nilikuwepo. Nauza mchele hapa bondeni, na asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko, gunia begani, nikisubiri kuambiwa niliweke wapi. Yeye na mwenye nyumba wakagombana mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo.

Mwenye nyumba tulimwita Bwana Mdogo, kwa sababu baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla na hatukuwa tumezoea kumwita vingine. Alikuwa kijana mzuri, mwenye bidii. Alikuwa amepatana na kampuni moja ya mabasi ya watalii kwamba kila siku ya mwaka wageni wapewe sinia moja lenye sikukuu zetu zote: supu ya Mwaka Mpya yenye donge la mochi, yaani mchele wa kunata uliotwangwa, ndani, keki za mchele za rangi tatu ambazo wasichana hufanyiwa mwezi wa Machi, andazi la mchele linalofungwa kwenye jani mwezi wa Mei, na pembeni vipande viwili vya vibua, samaki wa baharini, wa sikukuu ya mavuno ya Oktoba.

"Kinuyo-san, wageni hawa wanakuja mara moja maishani," alisema. "Sasa tuwanyime?"

"Nani kasema tuwanyime? Tuwape kilichopo siku waliyokuja."

"Siku waliyokuja ni Jumatano ya Juni. Jumatano ya Juni kuna nini?"

"Kuna Jumatano ya Juni! Kuna samaki wa mtoni wamenona, kuna tangawizi changa. Huo mochi wa Januari utamezwaje kwenye joto la Juni?"

"Mama, hii ni biashara."

"Bwana Mdogo, wewe nimekubadilisha nepi. Biashara usinifundishe." Akaelekeza kisu kwenye karatasi ya vyakula aliyoshika yule kijana. "Na hawa vibua? Wanataka miezi mitatu ndani ya pipa. Nitawapataje kila siku?"

"Tutatumia siki. Siki inamaliza kazi kwa nusu saa."

Kinuyo aliweka kisu chini. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya viazi.

"Basi mwajiri huyo siki," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Mchele weka hapo hapo. Si wangu tena."

Ili uelewe hasira yake lazima uelewe vibua hao. Barabara yetu ndiyo iliyopitisha samaki zamani, kutoka pwani hadi Kyoto, migongoni mwa watu. Sisi tuko katikati ya milima na bahari hatuioni, lakini sikukuu ya mavuno bila vibua kwetu si sikukuu. Hutiwa chumvi wakati wa machipuko. Mwezi wa Julai chumvi huoshwa, matumbo yao hujazwa wali, hupangwa kwenye pipa la mbao na kukandamizwa kwa mawe mpaka Oktoba. Wali unachacha, samaki wanaiva pole pole, na wakitoka wana harufu ambayo mgeni akiisikia mara ya kwanza huangalia soksi zake mwenyewe. Akishaonja anauliza kama kuna kipande kingine.

Kinuyo hakuzaliwa na ujuzi huo. Aliolewa hapa akitokea nyanda za chini, na marehemu mama mkwe wake, Bibi Tome, alimkataza kugusa mawe ya pipa kwa miaka saba. Aoshe pipa, ndiyo. Apike wali, ndiyo. Mwaka wa nane akamwita, akamshika kidole, akakichovya kwenye maji yaliyotuama juu ya kifuniko, akamwambia alambe.

"Zimebaki wiki ngapi?"

"Mbili."

"Tatu," alisema Bibi Tome. "Lakini mwanangu angesema tano. Kuanzia leo mawe ni yako."

Huyo mwana aliyesemwa ni Tokuji, mume wa Kinuyo, aliyekuwa mkata miti mpaka goti lilipomgomea. Ni mtu wa maneno machache. Siku ile mkewe alipofika nyumbani saa tatu asubuhi, alimtazama mikono mitupu.

"Umeacha?"

"Nimeacha, Baba."

"Tutakula nini?"

"Umeoa mpishi miaka thelathini na nne. Hilo ni swali la kuniuliza mimi?"

Akasafisha chumba chao cha mbele kinachotazama barabara, akaweka meza tatu fupi, na nje akatundika ubao. Kila asubuhi aliandika hapo leo ni siku gani. Kama ni sikukuu, alipika chakula cha sikukuu hiyo na hakuna kingine. Kama si sikukuu, kulikuwa na tambi za unga mweusi, mboga za kuchachua na chai. Msafiri aliyeingia mwezi wa Agosti akaomba mochi wa Mwaka Mpya aliambiwa arudi Januari, na namna alivyoambiwa haikuacha nafasi ya kubembeleza.

Tulimcheka, sikatai. Mwaka wa kwanza nilimuuzia mchele kidogo sana hata nikamwonea huruma. Yeye hakujionea. "Wataelewa," alisema, kama mtu anayesema kesho kutapambazuka. Na pole pole wakaelewa. Walioondoka Agosti wamenuna, baadhi yao walirudi Januari. Tarehe tatu Februari, siku ya kufukuza mashetani, kila mtu hula punje za maharage ya kukaanga kwa hesabu ya miaka yake. Mwaka wa tatu walijaa wazee wa mjini wakihesabu punje na kusingizia kwamba wamekosea. Kufikia mwaka wa tano meza zilikuwa sita, na Bwana Mdogo alikuwa akimsalimia tena, ingawa kwa mbali.

Ndipo akaja Mzee Orito.

Ilikuwa tarehe kumi na saba Septemba, basi la asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai pale kwa Kinuyo. Aliingia mzee mmoja mpana wa mabega, ngozi imechomwa na jua la shambani, kofia ya majani mkononi. Alipofungua mdomo, Kinuyo na mimi tuliangaliana. Alizungumza lahaja yetu, lakini ile ya babu zetu. Maneno ambayo mimi mara ya mwisho niliyasikia kwenye matanga ya nyanya yangu.

"Hodi, mama. Vibua wapo?"

"Wapo. Wamelala."

"Wanaamka lini?"

"Tarehe kumi Oktoba."

"Mimi ndege yangu ni Alhamisi."

"Pole, mzee. Kaa nikupe tambi."

Alikaa, lakini tambi hakuzigusa. Alisema jina lake ni Rokuro Orito. Alizaliwa Nagusa, kijiji cha juu kabisa ya bonde, ambacho sasa hakina mtu. Alipokuwa na miaka minane wazazi wake walimpakia melini wakaenda Brazili kulima, na huko wakalima nyanya, kisha matunda, na yeye akazaa, akapata wajukuu. Mwaka wa pili wa ugenini mama yake alitafuta pipa, akatafuta samaki wa huko, akavundika kama alivyofundishwa. Lakini ile ni nchi ya joto. Wakaoza. Mama akachimba shimo nyuma ya nyumba, akawafukia, na hakujaribu tena hadi alipokufa.

"Nina miaka sabini," alisema. "Sijawaonja kwa miaka sitini na miwili. Nifungulie pipa moja. Kipande kimoja tu. Bei sema wewe."

"Bei haisaidii. Hawajaiva."

"Hawajaiva hivyo hivyo nitakula."

"Sikia, mzee wangu. Nikifungua leo, utakula samaki wa chumvi na wali uliochacha nusu. Halafu utapanda ndege na ladha hiyo, uende ukawaambie wajukuu zako hii ndiyo Nagusa. Umengoja miaka sitini na miwili ili udanganywe?"

"Na kama sina mwaka mwingine?"

"Mwaka nani kakuuliza? Nimekuuliza siku. Una siku ishirini na tatu?"

Mzee alisimama. Alisema jambo kwa Kireno, na ingawa hakuna aliyelielewa, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Akaondoka kuelekea kwa akina Sugimori.

"Umemwonea," nilimwambia Kinuyo.

"Nimemheshimu," alisema, akazila zile tambi yeye.

Jioni ile Mzee Orito alipewa lile sinia la sikukuu zote, la misimu minne. Bwana Mdogo mwenyewe alinisimulia: mgeni alikula supu, akala keki, akala andazi na kusifu kila kitu. Alipofika kwa vibua wa siki alitia kipande mdomoni, akatafuna, akaweka vijiti chini, akauliza simu iko wapi.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa Kinuyo kabla ubao haujaandikwa.

"Nimempigia mke wangu. Anasema nimerukwa na akili."

"Na ndege?"

"Binti yangu anashughulika nayo. Nitalala wapi?"

"Kuna chumba cha juu. Baba anaweka misumeno yake humo, ataihamisha. Unajua kuchota maji?"

"Nimelima miaka hamsini, mama."

"Nimekuuliza maji."

"Najua."

Hivyo akawa mtu wa nyumba. Kila asubuhi alibadilisha maji juu ya vifuniko vya mapipa matatu yaliyokuwa bandani, nyuma ya nyumba, karibu na kijito. Maji hayo huzuia hewa isiingie. Yakichafuka yanamwagwa na kuwekwa mengine. Kinuyo alimsimamia siku nne, na ya tano akamwacha peke yake, jambo ambalo Tokuji alilipata baada ya miaka kumi na mbili ya ndoa.

Kisha zikaja siku za usawa wa mchana na usiku, tunapokwenda makaburini. Kinuyo alipika mchele wa kunata, akaufinyanga madonge, akayafunika kwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Mzee Orito alikula saba. Tokuji alihesabu.

"Huyu ana tumbo au ana ghala?" aliuliza, na hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwezi ule.

Siku ya pili Tokuji alimpandisha Nagusa kwa pikapu, mimi nikiwa nyuma na ndoo na brashi. Nyumba zimebaki misingi tu. Makaburi yalikuwa chini ya miti, yamevaa kuvumwani, na tulisoma mawe kwa vidole kabla ya kupata jina la Orito. Mzee aliyaosha yote matatu. Jiwe la babu yake alilisugua kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Aliweka madonge mawili mbele yake, akaunganisha viganja. Tulipomaliza aliyala, kama desturi ilivyo, maana ukiyaacha nyani watashuka. Njiani kurudi tulisimama darajani.

"Kama ningeondoka Alhamisi," alisema, "haya nisingeyaona." Tokuji akaitikia kwa kichwa.

Wiki ile ile ukatoka mwezi mpevu wa vuli, na Kinuyo akapanga barazani vidonge kumi na vitano vyeupe vya unga wa mchele, pembeni manyasi marefu yenye mashuke. Wanawake wawili kutoka Nagoya waliokuwa wakitembea barabara ya zamani kwa miguu walipita jioni, wakakaribishwa. Waliuliza kwa nini kumi na vitano, na kabla Kinuyo hajafungua mdomo Mzee Orito akawajibu kwamba ni usiku wa kumi na tano wa mwezi, akaongeza habari za sungura anayetwanga mochi mwezini, kwa lahaja ambayo wanawake wale waliielewa nusu. Walidhani yeye ndiye mwenye nyumba. Kinuyo alimwachia heshima hiyo, lakini vyombo alimwoshesha.

Tarehe thelathini redio ilisema kimbunga kinakuja. Tokuji alikwenda bandani, akatazama kijito, akatazama mapipa. Mawili yalikuwa juu ya jukwaa la mbao. La tatu lilikuwa sakafuni, kwa sababu jukwaa lilijaa.

"Tuinue hili," alisema.

"Usiliguse," alisema Kinuyo. "Limebakiza siku kumi. Ukilitikisa sasa, wali utapasuka na hewa itaingia. Tangu niolewe maji ya kijito hayajafika hapa."

"Mwaka ule nikiwa shuleni yalifika."

"Ulikuwa mfupi, Baba. Kila kitu kilikufikia."

Tulicheka sote, hata Tokuji. Hakurudia tena.

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi yote. Adhuhuri nilikuwa dukani kwangu, ng'ambo ya barabara, napanga magunia yangu juu ya meza niliposikia Mzee Orito akipiga kelele za Kireno. Nilivuka barabara. Kijito kilikuwa kimeingia bandani, maji ya kahawia, magotini. Tokuji alikuwa ndani, goti bovu na yote, amelikumbatia lile pipa la sakafuni kama mtu anayemzuia ng'ombe. Tulilishika sisi watatu, tukaling'oa, tukalipandisha ngazi za jikoni mawe yakianguka nyuma yetu moja moja. Yale mawili ya jukwaani maji yaliyakosa kwa kiasi cha kiganja.

Kinuyo alifunua kifuniko jikoni. Hakuhitaji kuchovya kidole. Tope lilikuwa limeshaingia mpaka tabaka la tatu.

Hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, na maji yakimchuruzika kwenye nywele. Kisha akamtazama mumewe.

"Ulisema."

"Nilisema," alijibu Tokuji.

"Nami nikakufanya kichekesho mbele za watu."

Tokuji alichukua taulo lake la shingoni, akamfuta uso. Ndivyo walivyomaliza. Mimi nimeoa miaka ishirini na minane, na sijawahi kuona ugomvi ukiisha kwa bei rahisi namna ile.

Mvua ilipokatika, walichimba shimo kwenye kiunga cha mboga. Mzee Orito aliomba achimbe yeye. Alichimba kwa utaratibu, pembe zimenyooka, akawamwaga vibua mle, akafukia na kushindilia kwa miguu. Kinuyo alisimama kando yake muda wote. Aliponisogelea aliniambia, "Mama yake alifukia wake akakata tamaa. Mimi nina mapipa mawili. Niletee mchele kilo kumi Jumamosi, na usiniletee ule wa mwaka jana."

Siku moja kabla ya sikukuu, mapipa hupinduliwa kichwa chini na kukandamizwa upya, ili maji yote yatoke. Tuliifanya kazi hiyo watu wanne, Kinuyo akitoa amri. Na tarehe kumi, ngoma zilipoanza kwenye hekalu, ubao ukaandikwa: Leo Sikukuu ya Mavuno. Basi la kwanza lilimwaga watu ishirini na sita. La pili lilikuja na wengine. Vijana wetu walipita barabarani na kijumba cha mungu mabegani, wakipiga kelele na kuyumba makusudi, na wageni wakatoka nje na vijiti mkononi kuwatazama.

Kinuyo alikata vipande vyembamba, akamweleza kila mgeni kabla hajaketi. "Mwaka huu ni vyembamba. Kimbunga kilichukua pipa moja, na kosa ni langu, niliambiwa sikusikia. Ladha haina kosa. Kula." Alilisema bila kuinamisha macho, kama anavyosema kila kitu. Hakuna aliyelalamika. Mgeni mmoja alitaka kumfariji. Akaambiwa ale kwanza.

Mzee Orito alikuwa amevaa shati jipya. Kinuyo alimkatia sahani ya kwanza, akamwekea mwenyewe, akasimama. Tokuji akasimama. Mimi nikasimama. Mzee alinusa, akafumba macho, machozi yakamjia hapo hapo. Akatia mdomoni. Akatafuna pole pole, akameza, akafumbua macho.

"Tamu sana," alisema.

"Lakini?" alisema Kinuyo. Yeye husikia neno hilo hata lisiposemwa.

"Lakini si ya mama."

Niliutazama mkono wa Kinuyo ulioshika kisu nikadhani atakiweka chini, aikunje aproni mara nne. Hakufanya hivyo. Alivuta mto, akaketi mbele ya mzee, wageni hamsini wakimngoja.

"Ya mama ikoje?"

"Ilikuwa... ulimi ulikuwa unakufa ganzi kidogo. Na harufu kama ya mti uliovunjwa."

"Mti gani?"

"Mama, nilikuwa na miaka minane!"

Kwenye kona alikuwa ameketi Bibi Ishi, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye huja kila sikukuu na hujifanya hasikii. "Majani ya pilipili mwitu," alisema kwa sauti. "Watu wa Nagusa walitandika majani ya pilipili mwitu kati ya tabaka na tabaka. Mimi nimezaliwa huko, sikuulizwa."

"Bibi, miaka mitano unakula hapa!"

"Sikuulizwa," alirudia, akaendelea kula.

Mzee Orito alimaliza sahani yake, akala nyingine, na siku mbili baadaye akapanda basi. Kinuyo alimpa pakiti ya maharage makavu na hakumpa samaki hata mmoja. "Ndege itawaua," alisema. "Uje mwenyewe."

Julai iliyofuata alivundika mapipa manne. La nne liliwekwa pembeni, juu ya jukwaa jipya ambalo Tokuji alilipandisha mpaka kifuani. Hakuna aliyebishana naye. Kwa majani ya pilipili, Bibi Ishi aliletwa kwa pikapu na kuketishwa bandani. Aliwagombeza siku nzima. Majani ni mengi. Majani ni machache. Haya ni ya mti dume, hayafai. Kinuyo, ambaye hakuwa ameamrishwa na mtu tangu Bibi Tome afe, aliuma midomo na kufuata.

Mzee Orito alikuja tarehe nane Oktoba na mkewe, Tsuneko, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali. Aliposikia harufu ya banda aliziba pua kwa leso. "Kwa hii ndiyo uliniacha wiki tatu na ng'ombe?" alimwuliza mumewe.

Siku ya sikukuu Kinuyo alikata kutoka pipa la nne. Mzee alikula kipande cha kwanza. Akala cha pili. Akala cha tatu, na sote tumemkodolea macho, Bibi Ishi mbele yetu.

"Sema kitu, mzee," alisema Kinuyo. "Watu wana kazi."

"Mama alikuwa akikata vinene zaidi."

Kinuyo akachukua kisu akamkatia kipande unene wa vidole viwili. Mzee akakitia chote mdomoni, mashavu yakajaa kama mtoto, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, hawezi kutafuna wala kuongea. Mkewe akampiga mgongoni. Kisha yule mama, labda kwa aibu ya kutazamwa, akatoa leso puani, akachukua kipande cha mwisho cha sahani ya mumewe, akakila.

"Si kibaya," alisema.

Tangu hapo pipa la nne halijakosekana. Habari zimewafikia waliotoka Nagusa, walioko Osaka na kwingineko, na watoto wao. Huja tarehe kumi, wakaketi upande mmoja na kubishana kama majani yalikuwa hivi au vile. Bwana Mdogo naye ameacha sinia lake la misimu minne tangu mwaka juzi. Hakutangaza. Siku hizi basi likija Juni hupika samaki wa mtoni, na likija Oktoba huwaleta wageni kwa Kinuyo kwa miguu, akitangulia mbele na kibendera.

Kinuyo mwenyewe hapendi vibua wa majani. Anasema wanamkumbusha kwa daktari wa meno. Lakini nimemwona, wiki tatu kabla ya sikukuu, akichovya kidole kwenye maji ya pipa la nne, akilamba, akitikisa kichwa kwa karaha, na kuongeza jiwe moja mahali panapostahili.